Bapa, Msuka na Tanuri: Matoleo ya Zana za Chuma za Ufipa

Mtowisa imo katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo mrefu wa milima unaoitwa Lyamba lya Mfipa, ambao unalitenga bonde lenye joto na uwanda wa juu wa Ufipa kwa mteremko wa karibu mita elfu moja. Katika karne ya 19 sehemu hii ilihesabiwa ndani ya Lyangalile, moja ya dola mbili za Kifipa, ambapo ya pili ilikuwa Nkansi iliyokuwa upande wa kaskazini na magharibi. Uwandani kulikuwa na udongo mwekundu wenye madini ya chuma, kwenye miteremko kulikuwa na miti ya makaa, na bondeni kulikuwa na ardhi ya kulima pamba na njia za kuendea chumvi. Kwa sababu hiyo jembe au kisu kilichotumika Mtowisa kilikuwa kimekwisha kupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mtu aliyekitia mpini. Historia ya zana hizo kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya kitu kimoja cha kale kilichodumu bila kubadilika hadi majembe ya Ulaya yalipokuja kukiondoa. Masimulizi ya namna hiyo hayatoshi, kwa kuwa zana za Ufipa zilikuwa na matoleo, yaani hatua zinazofuatana za muundo uleule, ambapo kila hatua hurekebisha ile iliyotangulia bila kuifuta.

Dhana ya toleo imezoeleka zaidi katika bidhaa za karakana za kisasa, na mfano mzuri ni kisu cha kukunja kinachoitwa Sebenza, kilichobuniwa na Chris Reeve, mfua visu aliyeanza kazi Afrika Kusini kabla ya kuhamia Marekani. Kisu hicho kilifuatwa na Sebenza 21 mwaka 2008, Sebenza 25 mwaka 2012, kisha Inkosi na Sebenza 31, na anayeviweka pamoja huona kwamba bapa, yaani sehemu pana ya kukatia, limebadilika kidogo sana. Kilichoshughulikiwa zaidi ni sehemu iliyo nyuma ya bapa: kipande cha mpini wenyewe kilichochanwa ili kijipinde na kukaba msuka, na baadaye kidonge kigumu cha kauri kilichowekwa mahali ambapo chuma na chuma husuguana ili pasilike upesi. Msuka ni ile ncha ya nyuma ya kisu, jembe au mkuki inayoingia mpinini, na mafundi wa nchi nyingi wamegundua kwamba zana huharibika hapo kabla ya kuharibika kwenye makali.

Tofauti kubwa ni kwamba mtengenezaji wa Sebenza aliyapa matoleo yake namba na miaka, ilhali mhunzi wa Ufipa hakuandika kitu. Zaidi ya hayo, chuma kilikuwa na thamani mno kuachwa kitupwe. Jembe lililolika hadi kubaki kipande kidogo lilirudishwa kwenye moto, likafuliwa kuwa kisu, na kisu kilichokwisha kikawa ncha ya mshale au sindano ya kushonea mikeka. Mabapa ya zamani kwa hiyo ni haba, na anayetaka kufuata mabadiliko yake hulazimika kuyasoma kwenye mabaki yasiyoweza kufuliwa upya, yaani kuta za matanuri, vipande vya kewa, ambazo ni mirija ya udongo inayopitisha hewa motoni, na malundo ya mavi ya chuma, ambayo ni ile takataka ya madini inayoyeyuka na kuganda kama kioo cheusi. Ushahidi huo umefanyiwa kazi na watu wa aina mbalimbali: padri Wyckaert wa shirika la White Fathers, aliyeandika mwaka 1914 katika jarida la Anthropos, R. C. H. Greig na Robert Wise, ambao makala zao zilichapishwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937 na 1958, na baadaye wanaakiolojia, hasa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Randi Barndon wa Norway.

Utafiti wa Mapunda kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika sehemu za Nkansi ya zamani, ndio uliovunja kabisa dhana ya ufundi mmoja usiobadilika. Alionyesha kwamba kabla ya matanuri marefu yanayojulikana leo kulikuwa na ufundi mwingine, unaoitwa katukutu, wenye matanuri mafupi, na ambao mabaki yake ya mavi ya chuma hutofautiana kwa umbo na kwa ukubwa na yale ya matanuri yaliyofuata. Hii ina maana kwamba watu waliowahi kufua majembe katika nchi hiyo hawakuwa mnyororo mmoja wa mabwana na wanafunzi. Palikuwa na ufundi ulioondoka na ufundi ulioingia, na hata pale ambapo jembe lililotokana nao lilifanana kwa macho, chuma chake kilikuwa kimezaliwa kwa njia tofauti.

Toleo lililofuata lilitokana na ilungu, ambalo kwa wingi huitwa malungu, na hapa inafaa kukaa kwa muda kwa sababu katika Afrika Mashariki ni matanuri machache yaliyofikia ukubwa huo. Ilungu lilikuwa mnara wa udongo uliopungua upana kuelekea juu, wenye urefu wa karibu mita tatu na mara nyingine zaidi, uliojengwa karibu na kichuguu kwa kuwa udongo wa mchwa hushikamana vizuri na hustahimili moto. Chini yake palikuwa na matundu kadhaa yaliyozunguka kitako, na katika kila tundu zilipangwa kewa zaidi ya moja; tundu moja liliachwa pana kuliko mengine ili kutolea chuma mwishoni. Jambo la pekee ni kwamba tanuri hili halikuvukutwa. Hewa yenye joto ilipopanda ndani ya mnara na kutokea juu, ilivuta hewa mpya kupitia matundu ya chini, na urefu wa mnara ndio uliofanya kazi ambayo mahali pengine ilifanywa na vijana wenye mivukuto, yaani mifuko ya ngozi ya kusukumia upepo. Tanuri lilijazwa kutoka juu kwa tabaka za makaa na mawe ya madini, likawashwa, likaachwa liwake kwa siku kadhaa mchana na usiku.

Faida na hasara za mpango huo ndizo zinazoeleza umbo la zana zilizotoka humo. Ilungu liliokoa nguvu za watu lakini lilikula makaa mengi, na ndiyo maana matanuri hayakujengwa penye madini peke yake bali pale ambapo madini na miti vilikaribiana, hususan kwenye miteremko inayotazama maziwa mawili. Wako waliousema uwanda wa Ufipa, ambao ni wa majani na una miti michache, kuwa uliparwa na wafua chuma. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inawabebesha mafundi mzigo ambao kwa haki wangegawana na wakulima, wafugaji na moto wa kila kiangazi. Hasara nyingine ilikuwa ya ubora. Katika tanuri la aina hii chuma hakiyeyuki, kwa kuwa chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi na joto la ndani halikufika huko. Kinachoyeyuka ni mavi ya chuma, na chuma chenyewe hubaki bonge lenye vinyweleo, lililochanganyika na makaa na takataka, gumu mahali hapa na laini mahali pale kwa kutegemea kiasi cha kaboni kilichopenya.

Bonge kama hilo haliwezi kufuliwa moja kwa moja kuwa bapa jembamba bila kupasuka. Wafipa walitatua tatizo hilo kwa tanuri la pili, linaloitwa kintengwe, lililokuwa dogo kiasi cha kutofika kiunoni mwa mtu, na ambalo, kinyume cha ilungu, lilivukutwa kwa mikono. Vipande vilivyovunjwa kutoka kwenye bonge viliwekwa humo tena pamoja na makaa, takataka iliyobaki ikachujika, na chuma kikakusanyika kuwa donge dogo lenye hali moja zaidi, ambalo ndilo lililopelekwa kwa mhunzi. Jamii nyingi zilitosheka na kuyeyusha mara moja kisha kufua. Ufipa iliongeza hatua katikati. Wageni wengine walioandika juu ya ufundi huu walivutiwa na ukubwa wa malungu hata wakakitaja kintengwe kwa ufupi, ingawa kwa upande wa ubora wa bapa tanuri dogo ndilo lililoamua. Bila hilo, ilungu lingekuwa mnara wa kuzalisha mabonge yasiyofaa kitu.

Kwa mhunzi, donge lilipashwa moto na kugongwa juu ya fuawe, yaani jiwe au chuma kizito cha kufulia, kwanza kwa nyundo ya jiwe ili kubana vinyweleo na kutoa takataka za mwisho, kisha kwa nyundo ya chuma ili kuvuta bapa. Jembe lilikuwa na bapa pana mfano wa jani, na msuka mrefu uliochongoka kwa nyuma. Mpini ulikuwa wa mti mgumu wenye kichwa kinene, na kichwa hicho kilitobolewa kwa msuka uliopashwa moto ili tundu lipatane nao. Kadiri mkulima alivyopiga ardhi ndivyo msuka ulivyozidi kujikaza, na mpini ulipopasuka alikata mwingine mwenyewe bila kumrudia mhunzi. Kisu kilifuata kanuni hiyohiyo kwa udogo: msuka mwembamba uliingizwa katika mpini wa mti, na penye kukutana pakazungushwa noleo, yaani pete ya chuma au shaba inayozuia mti usichanike.

Umbo la jembe la Ufipa lilishikiliwa na kilimo chenyewe. Kwa kuwa uwandani hapakuwa na miti ya kutosha kukata na kuchoma kama walivyofanya Wabemba wa upande wa kusini, mkulima wa Ufipa alikata tabaka la juu la ardhi pamoja na majani yake, akayafudikiza kuwa vilima vidogo vya mviringo, na majani yaliyofukiwa yakaoza kuwa mbolea. Msimu uliofuata vilima vilitawanywa na kupandwa ulezi. Kazi ya kukata ardhi iliyoshikwa na mizizi ya majani huhitaji bapa pana lisilopinda na msuka usiolegea, na jembe jembamba la kupalilia mchanga wa bondeni lisingeifaa. Sababu iliyofanya bapa libadilike polepole haikuwa, basi, ung'ang'anizi wa mila. Kazi ilikuwa ileile kizazi baada ya kizazi, na mhunzi aliyelipunguza upana kwa ajili ya kuokoa chuma angeambiwa na wateja wake kabla ya masika kwisha.

Kushuka kwa zana hizo hadi bondeni kulifuata biashara iliyokuwa ya pande mbili. Bonde la Rukwa lilikuwa na wafumaji wa nguo za pamba, ambao msafiri Joseph Thomson aliikuta kazi yao alipopita mwaka 1880, na upande wa kusini wa ziwa kulikuwa na chumvi ya Ivuna, iliyochemshwa huko tangu karne ya 13. Chuma kilitoka juu, nguo na chumvi zikapanda, na jembe likawa na kazi ya pili ya kuwa kipimo cha thamani, pamoja na kutolewa katika mahari kama ilivyokuwa kwa jamii nyingi za magharibi mwa Tanzania. Kazi hiyo ya pili ina athari kwa muundo, kwa kuwa kitu kinachopokelewa kama malipo lazima kifanane na wenzake. Jembe lenye umbo geni lingeleta mabishano hata kama linalima vizuri. Mikuki haikufungwa na sharti hilo. Wangoni wa Zwangendaba walipoingia Ufipa katika miaka ya 1840, na kiongozi wao akafia huko karibu mwaka 1848, mahitaji ya silaha yaliongezeka, na mafundi walewale waliofua majembe ndio walioyatimiza.

Matoleo yote hayo yalilindwa na miiko ambayo huenda ikaonekana kuwa kando ya ufundi. Ilungu lilipambwa na kutendewa kama bibi arusi. Fundi mkuu na wenzake walijitenga na wake zao wakati wa kuyeyusha. Dawa ziliwekwa katika msingi wa tanuri kabla ya moto. Wise alizitolea makala nzima desturi hizo, na Barndon amezilinganisha na za Wapangwa wa Njombe, akionyesha kwamba kwa mafundi wenyewe hapakuwa na mstari kati ya dawa na makaa, kwa maana vyote viwili vilikuwa masharti ya chuma kuzaliwa. Hata anayezitazama desturi hizo kwa jicho la uchumi tu atakubali kwamba zilikuwa na matokeo: zilipunguza idadi ya watu walioruhusiwa kubadilisha jambo lolote katika tanuri, na ziliwakusanya wafanyakazi mahali pamoja kwa siku nyingi bila kutawanyika. Makala ya Wyckaert, inayowatofautisha tangu kichwa chake wahunzi Wakristo na wasio Wakristo, inatoa dalili ya mapema ya ufa ulioingia. Fundi aliyebatizwa na kuacha dawa alipaswa kujua ni sehemu gani ya ujuzi wa baba yake iliyokuwa udongo na hewa na ni sehemu gani iliyokuwa sala, na swali hilo halikuwahi kuulizwa kabla yake.

Utawala wa Wajerumani, uliokuwa na kituo chake cha Bismarckburg huko Kasanga, ulileta kodi ya nyumba, na kodi ilitaka fedha badala ya jembe. Wakati huohuo maduka yalianza kuuza majembe ya viwandani kutoka Ulaya. Wenye viwanda hawakuwa wajinga wa soko lao, kwani waliwapelekea wateja wa Afrika Mashariki mabapa ya mfano wa jani yenye msuka, yaliyoigwa kutoka kwa wahunzi wenyewe, pamoja na yale yenye tundu la mviringo la kupitishia mpini. Jembe la Mamba, lililotoka Wolverhampton nchini Uingereza katika kiwanda cha Chillington, lilikuja kujulikana kotekote kwa chapa yake ya mamba.

Kushindwa kwa malungu hakukutokana na ubora wa bapa peke yake. Chuma cha kiwandani kilikuwa na hali moja na kilikatwa kwa mashine, lakini mkulima aliyezoea jembe la mhunzi alikuwa na sababu za kulisifu la kwake. Kilichopungua ni siku za watu. Ilungu lilihitaji wachimbaji, wachoma makaa, wajenzi na walinzi wa moto kwa majuma mengi, na wanaume waliokuwa wakifanya kazi hizo sasa walikuwa wakitafuta fedha za kodi katika mashamba ya mbali na migodi. Bei ya jembe dukani ikawa chini ya gharama ya siku hizo. Greig alipoandika mwaka 1937 uyeyushaji ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kuonyeshwa zaidi kuliko kazi ya kila kiangazi, na Wise, miaka ishirini baadaye, alitegemea kumbukumbu za wazee.

Uhunzi, hata hivyo, haukufa pamoja na uyeyushaji, na kosa la kuvichanganya viwili hivyo limewafanya wengi waandike tanzia kabla ya wakati. Mhunzi aliyekosa donge la kintengwe alipata springi za magari, zile pao za chuma zilizopangwa chini ya lori, ambazo ni feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kukazwa. Feleji ikipashwa hadi iwe nyekundu kisha ikatumbukizwa majini huwa ngumu sana, na ikipashwa tena kwa moto mdogo hupoteza wepesi wake wa kuvunjika na kubaki imara. Chuma laini cha bonge la zamani hakikubali matibabu hayo ila mahali mahali. Kisu kilichofuliwa kutoka kwenye springi kwa hiyo ni toleo jipya kwa maana kamili, kwa kuwa bapa laweza kuwa jembamba zaidi na makali yakadumu zaidi, ilhali msuka, noleo na mpini hukaa kama vilivyokuwa. Katika safu yote ya matoleo hayo hii pengine ndiyo hatua iliyoboresha makali kwa kiasi kikubwa kuliko zote, nayo haikupata mwandishi wa kuishangaa, kwa sababu ilitokea chini ya mwembe na malighafi yake ilikuwa chuma chakavu.

Baada ya Uhuru Serikali iliweka viwanda vya zana za kilimo, kikiwemo UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, na baadaye Zana za Kilimo Mbeya. Mwaka 1973 likaundwa SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kuwasaidia mafundi wa karakana ndogo. Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974, uliingia katika kundi la mikoa minne ya kusini iliyotegemewa kwa mahindi, na uwandani plau ya kukokotwa na ng'ombe ilichukua sehemu kubwa ya kazi ya jembe pana. Bondeni mambo yalikwenda kivingine: mpunga unaolimwa kwenye tambarare za Rukwa unataka mundu na kisu cha kuvunia, na ufugaji uliokuja na Wasukuma ulihitaji visu vya kuchinjia na kuchunia, zana ambazo mhunzi wa kijijini huweza kuzipimia mkono wa mteja kwa namna ambayo kiwanda hakiwezi.

Kwa kuwa mabapa ya matoleo ya awali yaliliwa na moto wa wahunzi waliofuata, malungu yaliyobaki katika wilaya za Nkasi na Sumbawanga ndiyo kumbukumbu kubwa ya ufundi huo iliyo wazi kwa macho, na hali yake kisheria si nzuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863, huku yale ya baadaye yakihitaji kutangazwa na waziri. Mwaka huo wa 1863 uliwekwa bila kufikiria matanuri. Kwa mstari huo, mabaki ya matanuri mafupi ya katukutu, ambayo kwa sehemu kubwa ni mavi ya chuma yaliyotawanyika, yana nafasi nzuri zaidi ya kulindwa kuliko ilungu la mwisho lililowashwa mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo bado limesimama na kewa zake, na ambalo mvua ya kila masika hulimega kuanzia juu.